Sheria ya Pakiti, Nchi ya Sigara Moja Moja

Duka la Mama Aisha liko Oli, hapa Arua, kwenye kona ambapo vijana wa boda boda husubiri abiria. Ni kibanda cha mbao chenye dirisha la wavu, na pembeni ya dirisha pananing'inia kiberiti cha gesi kilichofungwa kwa kamba ili kisiondoke na mteja. Juzi mvua ilinikuta hapo, nikakaa kwenye benchi lake zaidi ya saa nzima. Kwa kukosa la kufanya nikaanza kuhesabu. Sigara 14 zilitoka, na hakuna hata mtu mmoja aliyenunua pakiti. "Mama, nipe moja." Sarafu inagonga ubao, sigara inatokea kwenye tundu la wavu, kiberiti kinavutwa, kamba inarudi mahali pake. Mtoto wa miaka kama kumi naye alitumwa. Alichukua mbili, akazifunika kwa kiganja zisilowe, akatoka mbio.

Kwa hesabu ya sheria ya tumbaku ya 2015, inayokataza kuuza sigara moja moja, saa ile moja Mama Aisha alitenda makosa kadhaa, na lile la mtoto ni kosa juu ya kosa. Mwenyewe hana habari. Anajua kuna sheria ya sigara, maana aliisikia redioni miaka ile, lakini anachokumbuka ni kwamba "walikataza shisha."

Ukisikiliza mjadala wa tumbaku hapa Uganda, utakuta wanaosema tuna sheria kali kuliko majirani wengi, kwa hiyo tumepiga hatua. Utakuta pia wanaosema ni karatasi tu, haina meno. Wote wana hoja, ila wameruka jambo linaloonekana kwenye kila dirisha la duka: sheria yetu ilishonwa kwa kipimo cha pakiti, na Uganda inavuta sigara moja moja. Mengi yanayowachanganya watu kuhusu tumbaku yanafunguka ukianzia hapo.

Sheria ilikotoka

Safari yake ilianzia mahakamani. Desemba 2002, Jaji Kiongozi Ntabgoba aliamua kwamba kuvuta sigara mahali pa umma kunavunja haki ya asiyevuta ya kuishi na kuwa katika mazingira safi. Kesi ilikuwa imeletwa na shirika la mazingira, TEAN, na ndiyo maana kanuni za kwanza za kukataza moshi hadharani, za mwaka 2004, zilitungwa chini ya sheria za mazingira na mamlaka ya mazingira, NEMA. Wizara ya Afya ilikuja kushika usukani baadaye. Nina hakika wengi wanaosoma hapa hawakuwahi kujua kwamba kuvuta ndani ya baa kulikuwa kosa tangu wakati ule. Sikujua mimi pia, na nilikuwa mtu mzima.

Machi mwaka huohuo wa 2004 Uganda ilitia saini Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ikauridhia Juni 2007. Kisha ikanyamaza. Mswada wenyewe ulipokuja haukuletwa na serikali. Ulikuwa mswada binafsi wa Dakta Chris Baryomunsi, wakati huo mbunge wa Kinkizi Mashariki huko Kanungu, wilaya ambayo nayo ilikuwa na wakulima wa tumbaku. Bunge liliupitisha Julai 2015, Rais akautia saini Septemba, na tarehe 19 Mei 2016 sheria ikaanza kufanya kazi.

Ni sheria kali kwelikweli. Hairuhusu kuvuta ndani ya mahali pa umma, kazini wala kwenye gari la abiria, na ukitoka nje lazima uwe umbali wa mita 50. (Jaribu kuchora duara la mita 50 kuzunguka kila duka, msikiti, ofisi na shule ya Arua mjini, uone kama patabaki mahali pa kusimama.) Haimruhusu mtu aliye chini ya miaka 21 kuuziwa. Imepiga marufuku matangazo yote, shisha, sigara za umeme, tumbaku zenye ladha, na tumbaku za kutafuna kama kuber. Onyo lenye picha lazima lifunike asilimia 65 ya pakiti, mbele na nyuma. Na ndiyo, imekataza kuuza sigara moja moja: pakiti isiwe na chini ya sigara 20, wala isivunjwe.

Kampuni ya sigara ya BAT Uganda ilikwenda Mahakama ya Katiba kuipinga, ikidai ukubwa wa picha, umbali wa mita 50 na masharti mengine vinaingilia haki zake za biashara. Mei 2019 majaji walilitupa shauri lote. Hawakuishia kwenye hoja za kisheria. Walisema lilikuwa sehemu ya mkakati wa kidunia wa wenye biashara hiyo kudhoofisha sheria kama hizi ili wajiongezee faida. Ni nadra kusikia mahakama ikisema bila kumumunya maneno namna ile.

Kwa hiyo kwenye karatasi na mahakamani, kazi ilifanyika. Turudi kwenye dirisha la wavu.

Picha ambayo mvutaji haioni

Sharti la kuuza pakiti nzima ndilo linalovunjwa kuliko yote, na ndilo lililobeba mengine. Chukua lile onyo la picha. Kuna mguu uliooza, mapafu meusi, mtu kitandani. Uzito wa picha hizi ni kwamba mvutaji anayebeba pakiti huitazama mara 20 kabla haijaisha, kila anapotoa sigara. Lakini anayenunua moja hashiki pakiti. Pakiti iko ndani, nyuma ya wavu, kando ya sabuni. Kwenye duka la Mama Aisha anayeitazama ile picha kutwa nzima ni Mama Aisha, ambaye hajawahi kuvuta. Zikiisha, pakiti tupu anaweka chenji.

Stempu ya kodi ni hivyohivyo. Tangu Novemba 2019 mamlaka ya mapato, URA, imeanza kutumia stempu za kidijitali ili kutambua mali ya magendo. Stempu hubandikwa kwenye pakiti. Sigara ikishatoka hapo haina kitambulisho. Iliyolipiwa kodi na iliyovuka mpaka usiku kwa pikipiki zinafanana kama mapacha.

Umri nao ni vivyo hivyo. Kijana wa miaka 15 hana hela ya pakiti, ila sarafu haimpigi chenga. Sigara moja moja ndiyo mlango wake. Na anayejaribu kuacha, ambaye ameamua kwa nguvu zake zote asiwe na pakiti nyumbani, anapita mbele ya madirisha kumi kama lile akienda kazini.

Wapo watakaosema mbona ni afadhali: mtu anavuta tatu kwa siku, si ishirini. Nimelisikia hili hata kwa wahudumu wa afya. Kwa saratani ya mapafu ni kweli idadi inahesabika sana. Kwa moyo si hivyo. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba mwanamume anayevuta sigara moja tu kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyonayo anayevuta 20. Yaani ukipunguza kutoka 20 hadi moja hujapunguza hatari hiyo mara 20. Umeikata nusu tu. Mishipa ya damu huchafuka kwa moshi kidogo, na kidogo hicho ndicho kinachouzwa Oli kutwa kucha.

Hesabu ya shilingi 10

Wataalamu wa afya wanakubaliana kwamba silaha kali kuliko zote ni bei. Sigara ikipanda, vijana na maskini ndio wa kwanza kuiacha au kutoianza. Shirika la Afya Duniani linataka kodi ifikie angalau asilimia 75 ya bei ya dukani. Uganda iko chini kabisa ya hapo.

Tuichambue, maana hapa ndipo panapochekesha. Kwa miaka mingi ushuru wa bidhaa kwa sigara za pakiti laini zilizotengenezwa nchini ulikuwa shilingi 55,000 kwa kila sigara 1,000. Gawanya: shilingi 55 kwa sigara moja. Kiwango kimesimama, bei ya kila kitu kingine inapanda, kwa hiyo mwaka hadi mwaka kodi hiyo inakuwa nyepesi bila mtu kuigusa. Mwaka 2025 kikapandishwa hadi 65,000. Magazeti yakaandika sigara zimepandishiwa kodi, na ni kweli. Ila gawanya tena: nyongeza ni shilingi 10 kwa sigara.

Sasa nionyeshe shilingi 10 Arua. Sarafu ndogo inayozunguka sokoni kwa maana halisi ni ya 100. Mwenye duka hawezi kuongeza 10; ama anaongeza 100, ama haongezi kitu na kuimeza hasara ndogo kwenye faida yake. Bei ya sigara moja haipandi polepole kama mlima, inapanda kama ngazi, na kati ya kidato na kidato inaweza kukaa miaka. Nyongeza ndogo ya kodi inaishia katikati ya ngazi, mvutaji haisikii mguuni. Kama nia ni afya, nyongeza inatakiwa iwe kubwa kiasi cha kuruka kidato kizima. Kama nia ni mapato, shilingi 10 zinatosha, na hapo ndipo ninapoona nia yetu haijaeleweka hata kwetu wenyewe.

Kuna na suala la sigara zinapotengenezwa. BAT ilikuwa na kiwanda Jinja kwa miongo mingi, kisha katikati ya miaka ya 2000 ikahamishia kazi hiyo Nairobi. Mwaka 2017 Uganda ikabadili sheria ya ushuru ili sigara zinazotoka Kenya zitozwe kama za kutoka nje, kwa kiwango cha juu. Kampuni ikaenda Arusha, kwenye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ikasema hilo ni ubaguzi ndani ya soko la pamoja. Machi 2019 ikashinda. Miezi miwili baadaye, Kampala, kampuni ileile ikashindwa kwenye ile kesi ya picha na mita 50. Afya ilishinda kwa kuwa Katiba inailinda. Kodi ilishindwa kwa kuwa ilipachikwa kwenye ubaguzi wa mahali sigara ilikotoka. Kama ingeongezwa sawasawa kwa zote, sioni Arusha ingekuwa na la kusema.

Hoja inayotolewa kila bajeti ikikaribia ni magendo: ukipandisha kodi, sigara zitaingia kwa njia za panya kutoka Kenya, Kongo na Sudan Kusini. Sisi wa Arua tuna uzoefu na njia za panya. Vijana wa OPEC waliuza petroli ya Kongo kwenye madebe barabarani hapa miaka na miaka, na hakuna aliyehitaji kodi ya sigara kuwafundisha. Magendo yapo pale mpaka ulipo wazi na mlinzi analipika. Yapo kwa sigara ghali na yapo kwa sigara rahisi. Ni sababu ya kusimamia mpaka, si sababu ya kuiacha sigara iwe bei ya pipi.

Mkulima naye

Mjomba wangu alilima tumbaku Maracha tangu nikiwa shule ya msingi, kwa hiyo sipendi makala zinazomfanya mkulima ama mhalifu ama mtoto mdogo. West Nile, huku kwetu, na Bunyoro ndizo zilizobeba zao hili, pamoja na sehemu za kaskazini na kusini magharibi.

Kwa nini alilima? Si kwa sababu ililipa vizuri. Alilima kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekuja. Kampuni ilileta mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, ikaleta bwana shamba, na mwisho wa msimu ikaleta lori na fedha za mkupuo. Hakuna aliyekuja hivyo kwa mihogo au ufuta. Fedha za mkupuo zikigonga Januari ya ada ya shule, hakuna haja ya kueleza zaidi. Siku ya kuuza, kampuni ilikata mkopo kwanza, na daraja la jani lilipangwa na mtu wa kampuni, kwa jicho lake. Mjomba aliondoka asubuhi akihesabu mabati, akarudi jioni na sukari kilo mbili na deni lililosogezwa mwaka ujao.

Jani la asubuhi likiwa na umande hutoa nikotini inayopenya kwenye ngozi. Sisi watoto tuliochuma tulitapika na kichwa kikazunguka. Shangazi alisema ni njaa. Miaka mingi baadaye ndipo nikasoma kwamba ule ni ugonjwa unaojulikana wa wavunaji wa tumbaku, na hauhitaji uwe umevuta hata pumzi moja. Halafu kuni. Tumbaku ya kukaushwa kwa moto hukaa kwenye bani, yaani banda la kukaushia, siku tano hadi saba, moto usizimike usiku wala mchana. Miti iliyokuwa nyuma ya nyumba ya babu naikumbuka, wanangu hawataikuta.

Sheria ya 2015 haikumkataza mkulima kulima. Haikuja na lori pia. Na hata Uganda nzima ikiacha kuvuta kesho, jani linaloondoka hapa kwa wingi ni la kuuzwa nje, kwa hiyo mambo haya mawili, ya mvutaji na ya mkulima, hayafungani kama wanasiasa wanavyopenda kuyafunga. Mwenye kusema "tukibana sigara tutaua wakulima wetu" anachanganya dirisha la Mama Aisha na soko la dunia.

Tumbaku isiyo na pakiti

Nenda Karamoja, kaskazini mashariki, uone mambo mengine. Huko tumbaku ni ugoro wa kunusa au jani la kutafuna, wanawake na wazee wakiwa watumiaji wakubwa, na hukwendi kumsalimu mzee mikono mitupu. Haina kampuni, haina picha, haina stempu wala kodi. Iko kwenye fungu sokoni, imesokotwa au imesagwa. Kifungu chochote cha sheria kinachoanza na neno pakiti hakimgusi bibi wa Moroto. Huyo atafikiwa na mhudumu wa afya wa kijiji anayejua lugha yake, basi.

Shisha ni hadithi ya upande wa pili, ya Kabalagala, mtaa wa starehe wa Kampala, na kumbi za wenye nazo. Uganda iliipiga marufuku mapema kuliko Kenya na Rwanda, ambazo zilifanya hivyo Desemba 2017. Polisi huvamia, huchukua mabomba, magazeti hupiga picha, na wiki ijayo makaa yanawashwa tena. Inapata habari nyingi kuliko inavyostahili, kwa kuwa inapigika picha. Sigara moja ya boda boda haipigiki.

Je, ni tatizo kubwa kweli?

Utafiti mkubwa wa kitaifa wa 2013 ulikuta asilimia 7.9 ya watu wazima wanatumia tumbaku, kama watu milioni 1.3: wanaume asilimia 11.6, wanawake 4.6. Ukilinganisha na nchi nyingi za Asia au Ulaya, ni kidogo. Ndiyo maana kuna wanaouliza kwa nini tusumbuke wakati malaria ipo.

Jibu liko kwenye umri wetu. Sensa ya 2014 ilihesabu watu milioni 34.6, ya 2024 milioni 45.9, na sehemu kubwa ni watoto. Hata asilimia ikibaki palepale, idadi ya wavutaji inakua nchi inapokua. Nchi zilizokwisha kuzama, asilimia 30 au 40, zinatumia mabilioni kujitoa. Sisi bado tuko ukingoni, na ukingoni ndipo bei rahisi ya kukaa nje ya maji. Kampuni nazo zinaijua hesabu hii. Duniani karibu watu wanane kati ya kumi wanaotumia tumbaku wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, na Ulaya wateja wanapungua.

Sasa nani aitekeleze sheria? Wizara ya Afya, polisi, NEMA, URA, halmashauri. Kila mmoja anaweza, kwa hiyo kila mmoja anamtazama mwenzake. Na askari wa zamu Oli, nimemwona kwa macho yangu, hununua yake moja kwa Mama Aisha na kuvuta kiberiti kilekile.

Mvua ilipopungua nilimuuliza Mama Aisha kama anajua kuvunja pakiti kumekatazwa. Hakukasirika. Alikuwa anakata mche wa sabuni kwa uzi, vipande vinne, kila kimoja na bei yake. Mbele yake mafuta ya kupikia yalikuwa kwenye vifuko vidogo vya kaveera, ya kukaangia mara moja. Sukari ilikuwa kwenye vifundo vya kutosha vikombe viwili. Dawa ya kichwa anauza vidonge viwili viwili. Huu ndio uchumi wa kadogo. Hakuna kitu dukani mwake kinachotoka kikiwa kizima, kwa sababu hakuna mteja anayekuja na hela nzima. Pakiti akiiuza nzima faida ni ndogo. Akiivunja, inalipa chai ya asubuhi.

"Wakinikataza sigara nitaacha," alisema. "Sina mapenzi nayo, inanukisha mchele. Lakini waje waniambie wenyewe, mwanangu. Mimi tangu nifungue hapa, aliyekuja na karatasi ni wa leseni, na yule wa kampuni aliyeniletea hicho kiberiti."